Chumba cha Tisa Kina Mwenyewe

Usiku wa jana, udhu haujanikauka, niliota nimo ndani ya kompyuta ya marehemu mume wangu, Vuai. Fundi alikwisha kusema: ikiwashwa tu, inazimika. Na sauti aliyojirekodi Vuai kabla hajatutoka imo humo.

Ndani ni ukumbi mrefu wa vyumba. Mlangoni yupo bawabu mzee na buli la kahawa.

"Mimi ndiye programu inayoamka kwanza," anasema. "Nachora ramani ya vyumba, namkabidhi Kiini, mkuu wa mfumo wote. Kupanga watu ni kazi yake."

Kiini, mnene, kavaa kanzu, anasoma ramani bila kuinua macho. "Cha tisa kitupu. Apewe Zuwena."

Zuwena ni mke mwenzangu. Anapita na godoro jipya. Mimi, wa cha kumi, sijapewa hata mkeka wa kutandika kitandani. Astaghfirullah.

Akaingia cha tisa. Feni iliyokuwa imekaa humo ikapiga kelele: "Jamani, kuna mtu hapa!"

Ukumbi mzima ukaanguka. Giza. Bawabu akaamka, akamimina kahawa, akachora ramani ileile. Zuwena akapita tena na godoro lake.

Nilikwisha kuona. Bawabu hakuandika kwamba cha tisa ni cha feni. Lakini kinachofuata, cha kumi, ni changu, na ukuta wake ndio unaopakana na sauti ya Vuai. Nikisema, Zuwena ataletwa kwangu. Nikinyamaza, hakuna atakayemsikia Vuai.

Bora tukose sote, nikawaza. Nikanyamaza.

Safari hii nikamsikia Vuai nyuma ya ukuta anavuta pumzi aanze kusema. Ukumbi ukaanguka.

"Babu," nikamwambia bawabu, "cha tisa kina mwenyewe. Andika."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Andika, babu."

Kiini akasoma. "Basi Zuwena, cha kumi."

"Hodi, bi mkubwa," akasema Zuwena, godoro kichwani. "Sogea basi, kitanda chenyewe uwanja."

"Ukikoroma nakutoa."

"Anayekoroma ni wewe. Vuai kaniambia."

Hapo ukuta ukasema kwa sauti ya Vuai: "Zuwena..."

Nikaamka. Alfajiri. Nimelala ukingoni mwa kitanda, nafasi ya mtu mmoja iko wazi. Juu ya kabati kompyuta inawaka, feni yake inazunguka taratibu.

Zuwena akagonga ukuta kutoka chumba cha pili. "Bi mkubwa! Nani aliyeniita?"

"Feni," nikamjibu.