Ukuta wa Duka la Mwezi Mmoja

Mafundi wenzake walimwita Bandika, na mkewe wakamwita Bandua, kwa sababu kazi yao ilikuwa hiyo hiyo: kubandika stika kubwa kwenye kuta, vioo na kaunta za maduka ya muda, yale yanayofunguliwa kwa mwezi mmoja kisha yakafungwa, halafu kurudi kuzibandua bila kuacha alama. Ulikuwa utani, na wenyewe waliupenda. Mkewe alipofariki, baada ya kuugua kwa muda mfupi tu, utani ukawa mwiba kooni. Waliokuja kumpa pole walianza kusema "Ban..." wakameza mate, wakamwita ndugu yetu.

Yeye hakuona tofauti. Maneno yote yalimfikia kama redio ya jirani inayosikika ukutani: unajua kuna mtu anaongea, hujui anasema nini. Alizika, akapokea mikono ya watu, akashukuru. Hakulia. Wengine walimsifu kwamba ni mwanamume kwelikweli, wengine wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Mwenyewe aliusikiliza huo moyo asikute kitu, si jiwe wala nyama.

Watu walipotawanyika akabaki mmoja, mama mkwe. Huyu alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipoanza kumgomea kwenye tundu la sindano. Mwanawe wa kiume ndiye aliyepaswa kuja kumchukua, lakini alikuwa safarini kikazi, akaomba mama avumilie kidogo hapo hapo. Basi wakakaa, mkwe na mkwe, ndani ya nyumba ya vyumba viwili, wakiwa wameunganishwa na mtu ambaye hayupo. Hapakuwa na mjukuu hata mmoja wa kukimbiliwa mazungumzo yakikauka. Mama akitaka kutoka chumbani alikohoa kwanza, naye akitaka kuingia jikoni alikohoa. Mgeni angepita dirishani angedhani nyumba nzima ina kifua.

Ndipo ikaja simu. Dada mmoja alikuwa amekodi chumba cha duka kwenye barabara ya maduka makubwa, kwa mwezi mmoja tu, auze mabegi ya ngozi aliyoshona mwenyewe. Alitaka, kwa stika, ukuta wa nyuma uwe wa matofali mekundu, kaunta iwe ya marumaru, na kioo cha mbele kiwe na maua. Bandika akakubali. Hakukubali kwa sababu alitaka kazi. Kukataa kungehitaji maelezo.

Asubuhi alipokuwa anapakia vifaa, kikohozi kikasikika nyuma yake.

"Mkwe, nani atakushikia upande wa pili?"

"Nitatumia selotepu, mama."

"Selotepu ina mikono?"

Mama akafunga kitambaa kichwani, akabeba ndoo, wakaenda.

Chumba chenyewe kiliwahi kuwa duka la simu. Wapangaji waliotangulia walikuwa wameacha rafu za plaiwudi zimelazwa pembeni na nyaya zikining'inia darini kama mizizi. Msimamizi wa jengo alikuwa amepaka kuta rangi nyeupe ili chumba kipate sura. Dada wa mabegi alikuwapo, mwembamba, mwenye haraka, anaongea huku mikono inapima hewa.

"Nataka mtu akiingia aone kama tuko hapa tangu enzi," alisema. "Asijue kwamba mwezi ujao hatupo."

"Hatajua," Bandika alijibu.

Dada alipoondoka, Bandika alianza kupangusa ukuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kitambaa kilirudi kimeshika weupe wa rangi. Alikitazama. Fundi yeyote wa stika anajua kwamba rangi ambayo haijakomaa na gundi haziwekwi nyumba moja: stika itakaa usiku mmoja, kisha itajing'oa na kuondoka na rangi. Mkewe ndiye aliyekuwa na desturi ya kubandika kipande kidogo pembeni, wakaenda kunywa chai, kisha anakivuta kuona kitatoka na nini. Bandika aliitazama ile pembe. Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akafungua roli la stika.

Walifanya kazi vizuri ajabu. Yeye juu ya ngazi, mama chini. Alibandika sehemu ya juu, akawa anaivua karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku akisukuma hewa kwa kipande bapa cha plastiki, na mama akaishika ncha ya chini isije ikajinata mapema. Mikono yake ilikuwa myepesi. Hakuvuta, hakulegeza.

"Ukiivuta inanuna," alisema, kama anayezungumza na nguo. "Iachie ishuke yenyewe."

Kwa heshima ya ukwe mama aliishika ncha ile huku uso ameuelekeza mlangoni, asije akamtazama mkwewe kutoka chini. Hivyo alilenga kwa vidole tu, na bado mstari wa tofali ulikutana na mstari wa tofali, kipande kwa kipande, mpaka huwezi kuona kiungo. Kaunta ikavaa marumaru. Kioo kikapata maua. Jioni walifunga mlango, wakarudi nyumbani na vikohozi vyao.

Kesho yake asubuhi simu iliita mapema. Dada wa mabegi hakusalimia.

"Fundi, njoo uone."

Wakaenda wote wawili. Nusu ya matofali ilikuwa sakafuni, imejikunja kama ganda la ndizi, na nyuma yake imeng'ang'ania rangi nyeupe nyembamba. Ukutani palibaki madoa ya saruji, makubwa, yenye umbo la nchi zisizojulikana. Katikati ya chumba dada alisimama na begi kila mkono, kama msafiri aliyeachwa na gari.

"Nafungua saa nne," alisema. "Nimewaambia watu wote saa nne. Hii ni nini?"

Mama mkwe akasogea mbele. "Binti yangu, tusamehe. Huyu mwanangu kafiwa na mke juzi tu, akili yake haijatulia..."

"Hapana, mama," Bandika alimkatiza. Hakuwahi kumkatiza maneno tangu amwoe binti yake. "Usiusingizie msiba." Akamgeukia dada. "Nilijua rangi haijakauka vizuri. Niliona kwenye kitambaa. Nikabandika tu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alitafuta sababu, kwa bidii kabisa, kama mtu anayepapasa mifuko yake kutafuta funguo. "Sikuona kama kuna haja ya kusema," alisema mwishoni. "Niliona ukianguka, utaanguka."

Nje mtu alikuwa anapandisha mlango wa chuma wa duka jirani, ukilalamika mpaka juu. Kisha mama mkwe akaiweka chini ndoo yake.

"Hata mimi niliisikia harufu," alisema. "Nilishona miaka mingi ubavuni mwa duka la rangi. Najua ukuta mbichi unavyonuka. Nikanyamaza."

Bandika akageuka akamtazama. Alimtazama usoni, moja kwa moja, jambo ambalo mkwe halifanyi. Aliona macho ya mkewe, yamezeeka, yanamtazama yeye bila aibu.

"Kwa nini, mama?"

"Kama wewe tu. Nilisema, acha uanguke. Nini ambacho hakijaanguka?"

Dada wa mabegi aliwatazama, huyu kisha yule. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, ila imepoteza mahali pa kutua.

"Kwa hiyo nyinyi wawili mlikuwa mnataka nini hasa?" aliuliza.

Lilikuwa swali zuri kuliko yote waliyoulizwa tangu mazishi, maana wengine wote waliuliza kama wamekula.

Akili ya kazi, hata hivyo, haifi upesi kama mambo mengine. Macho ya Bandika yalikuwa yameshatua kwenye zile rafu za plaiwudi za wapangaji waliopita. Alikwenda, akapitisha kiganja juu yake. Laini, kavu, zimepigwa vanishi.

"Tusibandike ukutani," alisema. "Tubandike kwenye mbao, tuzisimamishe mbele ya ukuta. Roli bado lina kipande kirefu."

"Hakitatosha," dada alisema.

Mama alikuwa ameshachuchumaa anapima kwa shubiri. "Kitatosha tukikata kama vipande vya sketi," alisema. "Kiungo kibaya tunakificha nyuma ya rafu yako ya kuwekea mabegi. Binti, weka mabegi chini utusaidie. Wewe si unashona? Njoo ushike hapa."

Dada akaweka mabegi chini. Kwanza alishika kwa kununa, kisha kwa makini, na baadaye mabishano ya kitaalamu yakazuka kati yake na mama juu ya namna ya kukunja kona, ya kikwao kabisa, wanawake wawili wa uzi na mkasi. Msimamizi wa jengo alikuja, akaona ukuta wake, akashika kichwa. Bandika akamwahidi kwamba mwezi ukiisha ataukwangua na kuupaka upya kwa mikono yake. Jamaa akaondoka akinung'unika, lakini akarudi na misumari na nyundo.

Saa nne ilipita. Watu wachache walioahidiwa walisubiri nje wakichungulia kati ya maua. Mchana duka likafunguliwa. Mzee mmoja aliyemsindikiza mkewe kununua begi alisogea kwenye matofali, akatingisha kichwa kwa heshima.

"Majengo ya zamani," alisema, "watu walijenga kwa moyo."

Mama mkwe akainamia ndoo ghafla kana kwamba kuna kitu kimetumbukia humo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Bandika aliona. Alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kucheka, kama mtu wa garini anayekiona kituo chake kikipita dirishani. Hakushuka. Lakini alikiona.

Mwezi ule walipata kazi nyingine mbili ndogo, wakazifanya. Hakuna kilichobadilika sana nyumbani, ila vikohozi vilipungua, kwa kuwa watu waliokwisha kuungama pamoja mbele ya mgeni hawana tena cha kufichana. Wakati mwingine walikula meza moja. Mama alisimulia habari za wateja wake wa zamani, bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, mchungaji aliyetaka suruali yenye mifuko saba. Bandika alisikiliza. Baadhi ya maneno yalianza kumfikia yakiwa maneno.

Duka lilipofungwa wakaenda kubandua. Dada wa mabegi alikuwa ameshahamisha mali yake, ameacha funguo kwa msimamizi na begi dogo jeusi kwenye kaunta, lenye kikaratasi: la mama. Bandika alichomeka draya ya nywele, akaanza kuipasha moto marumaru ili gundi ilegee. Mama akaishika ncha, akavuta polepole, kwa mshazari, jinsi inavyotakiwa. Stika yote ikatoka kwa mkupuo mmoja, kaunta nzima, bila kukatika.

"Mwanangu angeiona hii," mama alisema, na sauti ikamkatikia.

Alilia akiwa amesimama, ile stika imemwangukia miguuni. Bandika hakujua afanye nini na mikono yake. Mkwe hamkumbatii mkwe. Akaigeuza ndoo juu chini, akaisogeza nyuma yake, na mama akakaa. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti, kama anayeshusha mzigo ngazi kwa ngazi. Bandika alisimama karibu naye, draya imewaka mkononi, inapuliza hewa moto sakafuni.

"Wewe huwezi kulia?" mama alimuuliza alipopata pumzi.

"Sijui, mama. Nasubiri."

"Usisubiri. Kilio ukikisubiri hakiji."

"Sawa, mama."

"Zima hicho kidude, kitaungua."

Akakizima. Mama akapangusa uso, akasimama, akairudisha ndoo ilivyokuwa. "Haya, shika huku," alisema, wakaenda kwenye kioo. Siku zilizofuata Bandika aliukwangua ukuta, akaupaka rangi, na safari hii aliuacha wazi.

Shemeji yake alirudi kutoka safarini, akaja na gari kumchukua mama. Alikuwa mtu mwema, alimshukuru Bandika mpaka ikawa aibu. Mama alikwishafungasha. Mlangoni alisimama mbele ya mkwewe.

"Kisheria mimi na wewe tumebaki nini, sijui," alisema. "Lakini ukipata ukuta mkubwa, niite. Kuta ndogo fanya mwenyewe."

"Sawa, mama. Safari njema."

Gari likaondoka. Alirudi ndani, akaosha kikombe alichokunywea mama, akakifunika kwenye sinia. Alikaa. Nyumba ilikuwa kimya, naye alikuwa kama ilivyokuwa nyumba.

Baada ya majuma machache akapata kazi kwenye kibanda cha kuuzia miwani ndani ya jengo la ofisi. Alipima, akarudi nyumbani, akakaa na simu mkononi kwa muda, kisha akampigia.

Mama alifika kesho yake kwa basi la asubuhi, na begi lake jeusi begani. Aliutazama ukuta wa kile kibanda. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu mmoja angenyoosha mikono akagusa ncha zote mbili. Alimtazama mkwewe, ambaye alikuwa anashughulika sana na roli lisilohitaji kushughulikiwa.

Alifunga kitambaa kichwani, akaja akashika upande wa pili.