Sabufa Mahali pa Kitanda

Jumamosi baada ya chai, mama alikuwa kitandani kwake, pazia wazi, anamtazama mwanawe akitambaa sebuleni kwa magoti. Hakupoteza kitu. Sabufa mpya ameikalisha kwenye kochi kama mgeni wa heshima, na yeye anazunguka chini akitafuta kona ambayo besi inasikika nene zaidi. Hapo ndipo ataiweka. Mtaani wanamwita Injinia. Kitu pekee alichowahi kutengeneza ni pasi, ikamuunguza mkewe.

Rekodi aliyokuwa akiipiga ilikuwa ya kinanda cha kanisa, kile cha mabomba. Bomba lake refu kuliko yote lina sauti ya chini mno, sikio haliipati, unaipata tumboni. Muziki wenyewe Injinia hakuujali. Hata lori angelipigia makofi, mradi madirisha yatetemeke.

Akatambaa, akapita pazia, akaingia uvunguni mwa kitanda cha mama.

"Hapa ndipo penyewe!" akapiga kelele. "Mama, utahamia stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Kuna hewa."

"Hata kwenye tairi kuna hewa. Chumba hiki baba yako alinijengea mimi. Sitoki."

Mkewe akachungulia. "We mwanamume, huyo ni mama yako, si kabati."

"Nyie hamjui sauti," akasema Injinia, akaenda kuiongeza.

Bomba refu likaingia. Vikombe vikatembea mezani. Mama akainuka hewani kutoka kitandani, amelala vilevile na shuka lake, akapanda taratibu mpaka darini, akatulia. Bomba likanyamaza. Hakushuka.

"Mama, unasikiaje huko juu?"

"Nasikia vumbi. Hii feni haijafutwa tangu mwaka jana."

"Nauliza besi!"

"Besi sijaisikia."

Hilo lilimuuma Injinia kweli. Akatoka kwenda stoo. Mama akadhani anafuata ngazi, akaanza kukusanya shuka ateremke vizuri. Injinia akarudi na futi. Akapima sakafu, akatoa kitanda, akaingiza sabufa.

Siku hizi mkewe hupanda juu ya meza kumpa mama chakula. Juzi shemeji alikuja kusikiliza mtambo, akainua shingo kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwambie mwenzio mimi bado sijahama—"

"Shh!" akasema Injinia, amefumba macho. "Bomba refu linakuja."