Dohani Isiyo na Mguu

Nani anatoa mafiga chungu kikiwa bado jikoni? Pasteur Aloys alitoa!

Nyumba tuliyopanga hapa Durban, mtaa wa Glenwood, mwaka ule wa 98, ilijengwa na Waingereza zamani: nyembamba, ndefu, ngazi za mbao, na vyumba vya mbele vina meko ya ukutani, na dohani nene ya matofali inayopanda kutoka chini hadi juu ya paa. Chumba cha chini kilikuwa kanisa letu. Juu yake nililala mimi, mdogo wangu Tina aliyetoka kujifungua, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, na kichanga chake Prodige. Kwa Pasteur yale meko yalikuwa pambo la wazungu tu. Nani anapika sebuleni? Jumamosi akayavunja kwa nyundo, pamoja na matofali yake hadi darini, kwaya ipate nafasi.

Jumapili asubuhi nikaona vumbi jekundu kwenye shuka la mtoto. Dohani ya chumbani kwetu, palepale kitandani, ilikuwa imeachana na dari. Kidole changu kikaingia chote kwenye ufa. Mungu wangu! Nikashuka mbio. Kwaya imejipanga ndani ya lile pengo, na juu ya vichwa vyao matofali yananing'inia, hakuna kinachoyashika.

"Pasteur, ile ya juu imesimama juu ya nini?"

"Juu ya Mwamba, Mama Deborah!" Watu wakaitikia amina. "Imani yako iko wapi? Leo tunamchezea mtoto."

Ndiyo desturi yetu: mtoto akizaliwa, tunamshukuru Mungu kwa kuruka. Blaise, baba wa mtoto, akapiga ngoma. Sakafu ikatetemeka. Nikapanda ngazi mbili mbili.

"Tina, inuka tutoke!"

"Yaya, una wazimu? Kitovu hakijaanguka, mtoto hatoki nje. Mama alituambia nini?"

"Mama hakuwa na dohani!"

Kipande cha plasta kikadondoka kwenye mto. Sikubishana tena. Nikamnyakua mtoto, nikakimbia.

"Blaise! Yaya ananiibia mtoto!"

Ngoma ikanyamaza. Nilivuka barabara bila kutazama gari, na nyuma yangu Blaise, kwaya nzima na majoho yao, Pasteur na Biblia yake. Blaise akanikamata, akanizaba kofi.

"Shemeji, una nini wewe?"

Tina alifika wa mwisho, pekupeku, ameshika tumbo. Hapo ndipo nyumba ilipolia. Mshindo mkubwa, kisha vumbi jekundu likatoka kwa madirisha yote.

Tina alitazama dirisha la chumba chetu, halafu akanyoosha mikono. "Yaya, nipe mtoto."

Nilimsikia. Nilitaka kumpa, haki ya Mungu. Mikono ilikataa. Blaise ndiye aliyenibandua vidole, kimoja kimoja, huku analia.