Mkanda Uliobaki Makambako

Mimi ni fundi cherehani, na sinema nimezitazama kifundi. Wengine watakusimulia nyimbo, wengine machozi. Mimi naangalia mabega ya koti.

Sinema ya kwanza ya Kihindi niliiona Makambako kabla ya vita vya Hitla, kwenye shuka iliyotundikwa ubavuni mwa lori. Ilikuwa ya wafalme na miungu. Kila mtu amevaa taji, hata mlinzi wa mlango, na taji lenyewe limekatwa kwenye debe. Niliona kabisa mahali mkasi ulipoteleza. Mfalme alisimama, akaimba, akasimama tena. Joho lake lilikuwa na nakshi mbele tu, mgongoni hakuna kitu, maana aliyelishona alijua mfalme hatageuka. Nilimdharau fundi yule, na bado namdharau.

Sinema za siku hizi ni mambo mengine. Zilianza kuja Njombe mwaka 1952, pale Jamnadas alipoleta mashine na kuiweka kwenye ghala lake la magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi. Jamnadas ni Baniani mwenye duka. Mimi cherehani yangu iko barazani kwake. Jumamosi alasiri aliziba madirisha kwa magunia, ndugu zake wakakaa mbele kwenye viti, sisi tukakaa nyuma juu ya marobota ya magome. Humo hamna tena wafalme. Mna daktari, wakili, na kijana asiye na kazi ambaye hata hivyo amepigiwa pasi. Suruali zao ni pana mno, lakini kiunoni zimekaa vizuri, siwezi kusema uongo. Vijana wa Mjimwema walinijia wakitaka za namna hiyo, nikawashonea, wakaenda kukanyaga pindo zao wenyewe kwenye matope. Kitu kilichoniudhi ni sari. Yadi sita za kitambaa, mshono hata mmoja hakuna! Wanawake wote wakivaa vile, sisi mafundi tutakula nini?

Kihindi sikijui. Lakini kule nyuma watu walitaka kujua kinachosemwa, na kwa kuwa mimi nashinda na Wahindi kutwa, kazi ikaniangukia. Laurenti, mchuna magome, alikuwa akinigonga goti: "Fundi, anasema nini?" Nami nasema. Sikuwa nadanganya, nilikuwa nakisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mtu akishajua nguo, maneno hayampi shida. Ndivyo nilivyoamini.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Kusum, dada yake Jamnadas. Hakukaa mbele na wanawake wenzake. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mzuri, mkimya, na kila siku ya Mungu alivaa sari nyeupe tupu, isiyo na ua wala pindo la rangi. Hana bangili, hana hereni, hana kile kidoti cha kwenye paji la uso. Kesi yake nilikwisha kuihukumu zamani. Kwetu Walutheri, mwanamke akivaa nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni ni bibi harusi, basi. Nikajua ameposwa na mtu aliyeko India na anamngoja, na kwamba Mabaniani wana subira kutuzidi. Kila asubuhi nilipofungua cherehani nilimwamkia kwa Kibena, "Kamwene, bibi harusi! Meli bado?"

Naye huinamia ungo wake wa maharage na kujibu, "Bado, Fundi."

Watu wa barazani wakacheka. Miaka miwili tulitaniana hivyo, au mimi nilidhani tunataniana.

Mwezi wa Juni mwaka 1954 lori lilileta mikanda minne ya sinema badala ya mitano. Wa kwanza ulibaki Makambako. Dereva aliusahau alipokuwa anapakua mizigo. Jamnadas hakujali, akaanzia wa pili. Hapo ndipo tulipomwona mwanamke kijana amesimama dirishani, amevaa nyeupe tupu, kitambaa kimemfunika kichwa kikashuka mpaka sakafuni bila mkunjo mmoja wa ovyo. Siku hiyo nilisahau ugomvi wangu na sari.

"Anasema nini?" Laurenti akauliza.

"Huyu ni bibi harusi," nikasema. "Bwana yake yuko safarini. Huoni anavyoitazama barabara?"

Akalia. Nikasema amepata barua, analia kwa furaha. Wazee wakaja wakamkaripia. Nikasema wanamkataza kula sana asije akanenepa kabla ya harusi. Kwenye mkanda wa mwisho kijana mmoja alikuja, akamtazama kwa mbali, akaondoka bila neno. "Anakwenda kuleta ng'ombe wa mahari," nikasema, na watu wa nyuma wakapiga makofi. Watu wa mbele wakageuka kututazama. Nilifikiri wanakerwa na kelele zetu.

Hulda, mwanangu wa pekee, alikuwa nami siku ile. Alikuwa amechumbiwa na Yoeli, mwalimu wa Kitandililo, na harusi ilipangwa Agosti. Mama yake alifariki Hulda akiwa na miaka sita. Nilimlea kwa mkono wangu, na mkono wangu unajua kitu kimoja tu, kushona. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniambia, "Baba, nataka gauni kama la yule dada."

Basi nikaihamishia cherehani nyumbani, nikashona. Wiki tatu sikupokea kazi ya mtu. Nilikata gauni la mikono mirefu, na shela nikaiunga mabegani ili ishuke pamoja na gauni mpaka chini, kama nilivyoona. Lesi sikuweka, maua sikuweka. Tarsis, mzee wa kanisa, alipita akasema limekaa kitawa, nikamwambia aende akachunge kondoo zake. Nilikuwa najivuna. Nasema wazi, sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Alhamisi kabla ya harusi nilirudi nalo barazani, nikalipiga pasi, nikalitundika lipoe. Kusum akatoka na ungo wake. Akaliona, akauweka ungo chini.

"La nani hilo?"

"La Hulda, la Jumamosi. Nimelichukua kwenye sinema ile. Wewe na yeye mtakuwa mapacha."

Hakucheka. Akatazama ndani ya duka, kisha akasema polepole, "Liondoe, Fundi. Kaka yangu asilione."

"Kwani limekosa nini? Mshono umepinda?"

"Mshono hauna neno. Mkanda ule uliobaki Makambako, ndimo mumewe anamokufa. Niliiona sinema hiyo Iringa, yote. Yule mwanamke ni mjane, Fundi. Kwetu bibi harusi huvaa nyekundu. Nyeupe namna hii huvaliwa na mjane, mpaka afe."

Nikalitazama gauni. Kisha nikaitazama sari yake, nikakaa. Miaka miwili ya meli bado, mbele ya watu, asubuhi baada ya asubuhi!

"Na wewe?" nikauliza, ingawa sikuwa na haja ya kuuliza.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikaa miezi minne, akapata homa."

Aibu ikinipata mimi hugeuka hasira. Ndivyo nilivyoumbwa, sijisifii. "Kwa nini hukuniambia?" nikafoka. "Ungenizaba kofi siku ya kwanza! Unaniacha najifanya mpumbavu, unaniacha namshonea mwanangu nguo ya msiba!"

"Gauni nimeliona leo. Ulikuwa unashonea nyumbani." Sauti yake haikupanda. "Na hayo mengine, kaka yangu alitaka kukufukuza barazani. Nilimwambia hujui. Mkeo alifariki, Fundi. Wewe ulivua nini?"

Nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu na sweta la kahawia, yaleyale ninayovaa siku zote. Sikuwa nimevua kitu. Nilipomzika mke wangu Ema nilifunga cherehani kwa wiki moja, nikaifungua.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo kwangu ni gumu, na nililisema mara mbili.

Akaokota ungo, akaanza tena kuchambua maharage. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema bila kuinua uso, "Mjane hakai mbele. Ndiyo maana siku ya kwanza nilikaa nyuma na nyinyi. Baadaye Jamnadas aliniruhusu nisogee karibu na wanawake, nikakataa. Sinema hizo najua zinavyokwisha. Katika hizo unazosimulia wewe mwanaume yuko njiani, anakuja. Nilikuwa nakuja kusikiliza hizo."

Nikalishusha gauni, nikalikunja.

Jioni ile nilimweleza Hulda yote, nikamwambia kwamba nikianza sasa, nikikesha siku mbili, naweza kulifumua na kulishona upya lenye lesi. Hulda alilichukua gauni, akaenda nalo peke yake mpaka kwa Kusum, wakazungumza uani. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ametulia.

"Nitalivaa hivihivi," akasema. "Nimemwuliza kama litamuumiza. Amesema kitakachomuumiza ni kulifumua."

"Atakuja kanisani?"

"Hapana. Kwao mjane haendi harusini, wanasema analeta mkosi. Nimemwambia kwetu si hivyo. Akasema anajua, lakini kaka yake anaishi kwao, haishi kwetu."

Jumamosi tulifunga ndoa. Watu walilisifu gauni mpaka Tarsis akalisifu. Mchana lori lililowapeleka maharusi Kitandililo lilipita mbele ya duka, wanawake wakipiga vigelegele. Kusum hakutoka kuja barazani. Nilimwona ndani kabisa, nyuma ya marobota ya khanga, amesimama. Hulda alimpungia mkono. Sikuona kama naye alipunga.

Kuanzia Jumatatu nilimwamkia "Kamwene, dada," tu. Akaitikia vizuri. Lakini baraza ilipoa, nami nilifanya kazi nimeinamisha kichwa.

Wiki mbili baadaye ikaja sinema nyingine, mikanda yake yote imetimia. Nilikaa mahali pangu juu ya magome na kusema mafua yamenikaba sauti. Watu walinung'unika, wakatazama kimya. Kulikuwa na gari, mahakama, nyimbo mbili za mvua. Kisha akaingia mwanamke mwenye sari nyeupe tupu, akaketi kwenye ngazi za nyumba.

"Fundi," Laurenti akanigonga goti, "huyu naye anasema nini?"

Safari hii nilijua. Hata bila lugha nilijua: mikono mitupu, paji la uso tupu, wenzake wanavyompita. Ningeweza kuwaeleza watu wote pale maana yake, na kwa mara ya kwanza ningekuwa nasema kweli. Nikageuka kuelekea mlangoni. Kusum hakuwa anatazama shuka ya sinema. Alikuwa ananitazama mimi.

"Fundi, umelala?"

"Sijalala," nikasema, na sauti nikaipata. "Huyu ni bibi harusi. Bwana yake amekwisha kushuka kwenye lori, yuko pale kona, anauliza watu nyumba yao ni ipi."

"Wamemwonyesha?"

"Wanamwonyesha."

Kusum akainuka mlangoni, akaja akaketi kwenye robota la mbele yetu, asikie vizuri.