Nafasi ya Kumi na Mbili

Mgombea alianza kwa kuuchukua mkono wangu na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama afanyavyo mtoto anapowaamkia wakubwa, na uwanja mzima ukashusha pumzi, "Aaah!" Nywele zake zilinukia mafuta ya bei mbaya. Watu elfu mbili walikuwa wamebanana chini ya jua la saa tisa alasiri, wamevaa fulana za njano zenye sura yake kifuani, nami nikajiambia: Ditas, sasa hivi atauinua.

Kwetu mkono ndio kampeni yenyewe. Mgombea anaweza kuhutubia mpaka koo likauke na watu wakaendelea kula tambi zao bila hata kugeuka. Lakini mtu wanayemheshimu akipanda jukwaani, akaushika mkono wa mgombea na kuupeleka juu, hapo mambo yamekwisha. Picha hupigwa, na kesho yake iko kwenye kila nguzo ya umeme. Siku ile, katika mji wetu wa Santa Eulalia, mtu wa kuheshimiwa nilikuwa mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, niliyewafundisha wao na baadhi ya wazazi wao kwa miaka thelathini na saba.

Doloy Arrabal, mbunge wetu kwa vipindi vitatu, alikuwa anagombea useneta. Akaupandisha mkono wangu hadi usawa wa bega. Hapo nikauachia uzito wote. Mshereheshaji alikuwa anapiga kelele, "Juu! Juu, Mwalimu!" Doloy akavuta tena, meno yote nje, akaninong'oneza bila kuchezesha midomo.

"Mwalimu, usinifanyie hivi."

"Nipe hicho kipaza sauti," nikasema.

Wiki moja kabla, Isko alikuwa amekuja nyumbani. Isko ni mpambe wa Doloy mtaani kwetu. Yeye ndiye hugawa fulana, mchele, na kile kikaratasi cha majina ambacho watu huingia nacho kwenye chumba cha kura ili wasikosee walichoambiwa. Naye nilimfundisha. Alikuwa hodari wa sehemu na desimali, ila kuamka asubuhi kulimshinda.

"Dakika mbili tu, Mwalimu," alisema. "Unapanda, unainua mkono, unashuka. Tutakuwekea na feni."

"Na nisipopanda?"

Isko akatupa jicho kwenye pazia la jikoni. Nyuma yake Marivel alikuwa anamlisha baba yake uji wa mchele. "Mkataba wa Marivel unaisha mwezi ujao, Mwalimu. Barua ya kuurefusha unajua inatoka kwa nani."

Marivel ni binti wa kaka yangu Nardo. Alikuwa nesi wa zahanati ya serikali kwa mkataba wa miezi sita sita, na kila miezi sita ilipokatika alilazimika kwenda kusimama kwenye foleni ofisini kwa mbunge kuomba barua. Nardo amepooza upande wa kulia. Pensheni yangu inafika kwenye mchele na samaki wakavu, inakomea hapo. Dawa zake zilikuwa zinatoka kwa Marivel.

Isko alipoondoka, Marivel alitoka na bakuli mkononi. "Panda tu, Shangazi. Kuinua mkono si kupiga kura. Kura utampa umtakaye."

Nikasema sawa. Nataka hili lieleweke, maana baadaye watu walinipamba wakanifanya shujaa. Nilisema sawa, na nilikusudia hivyo. Nilizipanda ngazi za lile jukwaa nikiwa nimeshakubali.

Ila nilipofika juu nikauona ukumbi. Kutoka chini hauonekani, umefichwa na kanisa. Ni ukumbi wa kukimbilia wakati wa vimbunga, mradi wa Doloy, ambao paa lake lilipakwa jina lake kwa herufi kubwa kiasi cha rubani kuzisoma. Kimbunga cha kwanza cha maana kililing'oa paa lile kama kifuniko cha sufuria, na chini yake walikuwemo watu mia nne. Jina lake tuliliokota vipande vipande kwenye mashamba ya mpunga. Marivel alishona vichwa na mapaja ya watu mpaka nyuzi zikamwishia, akaendelea kwa uzi wa kushonea nguo. Miaka mitatu imepita na kuta bado zimesimama tupu. Nikiwa bado naziangalia, ndipo yule bwana akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye paji la uso wake, mbele ya kamera, kana kwamba ni heshima.

Nilikasirika. Sina neno jingine la kupamba.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," nikawaambia. Sauti yangu ilirudi kutoka kwenye ukuta wa kanisa, ikanishtua mwenyewe. "Nilimfundisha miaka miwili. Mwaka wa mwisho alipata sitini na moja, na alama ya kufaulu ni sabini na tano, mnaijua. Baba yake akaja na kuku wawili na maneno matamu. Mimi, kwa kalamu yangu, nikaandika sabini na tano. Kwa hiyo kura ya kwanza ya Doloy Arrabal niliipiga mimi. Ya pili sipi—"

Wakakata umeme wa kipaza sauti. Wimbo wa kampeni ukalipuka kutoka kwenye spika, wasichana wa kucheza wakasukumwa jukwaani, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mshusheni huyo bibi, jua limempanda kichwani!" Wengine walicheka. Mahali fulani nyuma mtu alipiga makofi matatu, akaacha. Nilishuka zile ngazi peke yangu, na pale chini ngazi zinapoishia nikamkuta Marivel kwenye mstari wa manesi, naye kavaa fulana ya njano. Hakunitazama.

Nyumbani alinitazama.

"Wewe una pensheni," alisema. "Hakuna wa kukunyang'anya. Mimi nina nini? Umejisafisha dhambi yako ya kuku wawili kwa kazi yangu, Shangazi. Ungeniuliza! Ungeniambia tu, Marivel, nitakwenda kufanya wazimu, jiandae!"

"Sikujua kama nitafanya."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Sikujuta, lakini niliona aibu, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo mtu anaweza kulala nayo kitanda kimoja. Mwisho wa mwezi uliofuata hakuna aliyemwita Marivel wala kumwandikia. Alifika kazini asubuhi, akasoma ratiba ya zamu ukutani mara mbili, jina lake halimo. Akarudi na viatu vyake vyeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Kuanzia siku hiyo alizungumza na baba yake, na majirani, na kuku. Mimi alinipitia kama stuli.

Nilichobaki nacho kilikuwa kibaraza na hasira, nikaanza kuvitumia vyote viwili.

Majirani walianza kuja, wengine kwa umbea tu, wajionee bibi aliyemtia mbunge aibu. Nami kila aliyekuja nilimuuliza: karatasi ya kura ina nafasi kumi na mbili za maseneta, utawachagua akina nani? Puring, muuza samaki, ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa na orodha yake nyuma ya kalenda.

"Ninao tisa ninaowataka kweli, Mwalimu. Hizi tatu za mwisho najazia tu. Huyu wa sinema, huyu mtoto wa rais wa zamani, na Doloy, si wa kwetu bwana?"

"Unamtaka Doloy?"

"Mimi? Paa lake lilinikosa kichwa kidogo tu!"

"Basi usimweke. Acha wazi."

Puring akanikodolea macho. "Niache wazi? Mashine si itaitema karatasi yangu!"

"Haitemi. Wanasema usizidishe kumi na mbili. Hawakusema zijae."

"Mwalimu," akasema, mkono kiunoni, "si wewe uliyetufundisha? Usiache nafasi wazi, ukiwa hujui kisia. Ulinichapa rula kwa kuacha wazi!"

Nilikaa chini. Ilikuwa kweli. Miaka thelathini na saba nimekuwa nikiimba wimbo huo kwa kila darasa, na karibu kila mwalimu nchini aliuimba pamoja nami. Tumelea taifa la wanafunzi watiifu wanaoogopa kijiduara kitupu kwenye karatasi. Doloy hakuwa chaguo la kwanza la mtu yeyote, na hakuhitaji kuwa. Mtu kama yeye huingia kwa kuwa wa kumi na mbili kwenye karatasi za watu milioni kumi.

Basi nikatangaza kibarazani kwamba nilichofundisha nimekifuta. Mwenye kinyongo cha rula na aje anichape. Kila jioni mapema, kabla ya watu kwenda kupika, tulikaa na majina, na kila jina lilipaswa kupita maswali mawili: haibi? Na kazi anaiweza? Watu walidhani moja linatosha. Kulikuwa na padri mstaafu mmoja ambaye wanawake walimpenda sana.

"Huyu haibi hata pini," alisema Puring.

"Na kazi?"

"Anasali vizuri."

"Tukitaka misa tutamwita. Mwingine?"

Halafu likaja jina la mwanasheria mwenye akili kama wembe, ambaye kila aliposhika ofisi, ofisi iliondoka na samani zake. Tukamkata. Tukafika kwa mwanamke mmoja daktari ambaye hakuna aliyemjua. Hakuwa na wimbo wala fulana, na jina lake lilikuwa gumu kutamka. Nikawa nataka kumruka.

"Usimruke huyo," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Tukaligeukia pazia. Marivel hakutoka. Alisema akiwa kulekule jikoni, kama anayeongea na sufuria. "Baada ya kimbunga alikuja mwenyewe, na lori la chanjo na nyuzi za kushonea. Alilala sakafuni na sisi. Alipoondoka aliacha orodha ya kila chupa, na kila chupa ilikuwepo. Wekeni huyo."

Tukamweka. Nilimsemesha Marivel kupitia pazia, asante, mwanangu, lakini alikuwa ameshafungulia maji ya bomba.

Siku ya kura tulisimama foleni kwenye shule yangu ya zamani, yeye mbele yangu, hatusemezani. Isko alikuwa anaupita mstari taratibu, vikaratasi vyake ameviminya kiganjani. Alipofika kwetu alimwinamia Marivel. Nilisikia kila neno, na nadhani alitaka nisikie.

"Kijiduara kimoja tu, Marivel. Wamenituma nikwambie. Jumatatu unarudi kazini, tena mkataba wa mwaka mzima. Nani atajua?"

Nilitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaufunga mdomo. Hii haikuwa yangu. Nilimwangalia kisogo chake, nikafikiria dawa za Nardo, na nikajua kwamba akikichukua kile kikaratasi sitakuwa na haki ya kumlaumu, hata kwa jicho.

"Isko," alisema Marivel, bila kupunguza sauti, "nani alikuwa anampima mama yako presha kila Jumatano?"

"Wewe."

"Na siku hizi?"

Isko akajikuna shingo. "Hakuna. Wanasema turudi mwezi ujao, turudi mwezi ujao. Juzi alianguka chooni."

"Mlete nyumbani kwetu Jumatano. Kipimo ninacho cha kwangu mwenyewe. Na hicho kikaratasi chako nenda nacho, nisikuone nacho tena hapa."

Watu kwenye mstari walimsikia. Mama mmoja mbele yetu alichana cha kwake vipande viwili, akavitia kwenye mkoba kwa sababu hakupenda kutupa taka shuleni.

Marivel alitoka kabla yangu, kidole kina wino. Alinisubiri chini ya dirisha la darasa la sita.

"Nane," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kwangu baada ya wiki sita. "Nimejaza nane. Na usitabasamu, Shangazi. Sikufanya kwa ajili yako, na sijakusamehe."

"Sitabasamu," nikasema, na nilikuwa natabasamu.

Doloy aliingia. Alikuwa wa mwisho kati ya kumi na wawili, lakini aliingia, na kiti cha mwisho kina mshahara na gari kama cha kwanza. Daktari wetu alianguka. Kituo cha shule yetu, ambacho siku zote humpa Doloy ushindi, safari hii kilimweka wa ishirini na moja. Nilisikia uchungu, na sikuona haya kulia mbele ya Puring. Kisha nikafuta uso, nikamwambia miaka mitatu hadi uchaguzi ujao si mingi, aitunze ile kalenda.

Jumatano Isko alimleta mama yake, kwenye pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni, wakapitia mlango wa jikoni. Bibi Charing ana miaka themanini na mbili, masikio yake yamebaki kidogo, na siasa huzipata zikiwa zimechacha. Aliketi karibu na Nardo, akanyoosha mkono, na Marivel akauzungushia mkanda wa kipimo cha presha na kuanza kujaza upepo.

"Kwa hiyo nani kashinda?" Bibi Charing akauliza.

"Doloy, mama," alisema Isko.

"Doloy? Kila ninayemuuliza sokoni anasema hakumpa." Akatuzungushia macho mmoja mmoja. "Nani kampigia?"

Nardo alianza kucheka kwa ule upande wake mzima. Isko alitazama sakafu, kisha akajikaza.

"Mimi, mama."

"Peke yako?" bibi akapaza sauti.

"Nyamazeni," alisema Marivel, vifaa masikioni, macho kwenye mshale. "Sisikii mapigo."