Kufa Bila Kurudisha

Mwaka 1997 makampuni binafsi yalijaa Bariadi yakigombea pamba, na mkulima mmoja aliweza kuwa na kadi za makampuni matatu. Letu lilikuwa na kompyuta moja. Programu yake ya mizani niliiandika mimi, Milembe, na sioni haya kusema ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa inakufa. Karani akiingiza namba ya kadi ya kampuni nyingine, inaandika "Kosa kubwa" na kujifunga, kama makao makuu walivyoagiza. Ikishakufa mara tano, haifunguki tena mpaka mashine nzima izimwe na kuwashwa. Nje, mikokoteni kutoka Mwamapalala inasubiri juani.

Asubuhi hiyo meneja, mzee Athanasi, aliniita.

"Ng'wanone, mwanangu, mwisho saa sita. Ikigoma tena narudisha madaftari, na wewe unarudi kwenu."

"Haitagoma, baba."

Kristofa, fundi wa makao makuu, aliyenikuta natafuta memori inakopotelea, alicheka. "Unahangaika bure, dada. Programu ikifa, mashine yenyewe inaichukua tena memori yote."

Nusu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilimkumbuka marehemu baba. Siku zake za mwisho hakutaja ng'ombe wake hata mmoja, hao tuliwajua. Alitaja wa amana, walioletwa zizini kwetu na watu wengine: huyu wa Mboje, yule wa Sayi. Asingewataja yeye, nani angewarudisha?

Programu yangu nayo ilikuwa na amana. Orodha ya wakulima ilikuwa ndefu, ikaazima memori ya ziada, na hiyo ya ziada mashine haiichukui tena mpaka programu yenyewe iseme, "Nimemaliza." Ikifungwa vizuri ilisema. Ikifa kwa kosa, nilikuwa nimeiacha ife kimya, na kufikia kifo cha tano memori ilikuwa imekwisha. Uzembe wangu mwenyewe! Nikaandika mistari minne: kabla ya kufa, rudisha ulichoazima.

Saa sita kasoro robo, mzee Athanasi alikalia kiti changu, akaingiza namba mbovu kwa kidole kimoja. Ikafa. Akaifungua, ikafunguka. Akaiua tena, na tena, mpaka mara ya kumi na mbili.

"Fungueni geti," akasema, akatoka kwenda kwenye mizani.

Kristofa alibaki. Hakucheka tena.

"Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "ile programu ya makao makuu niliiandika mimi. Kila mchana inagoma, tunazima mashine. Tulikuwa tunalaumu umeme."

Nilifurahi, sifichi. Nikamvutia kiti.