Kengele ya Eskandar

Nitegulieni hiki kabla chai haijapoa: hana homa, hana kidonda, lakini godoro limemng'ang'ania mchana kutwa. Mmeshindwa? Basi ni mtu aliyeingiwa na huzuni. Pale Kashan, mji wa Uajemi, mtu huyo alikuwa Eskandar, na mkewe Effat hakuhitaji kuteguliwa.

Tangu karakana ya kutia sufu rangi ilipofungwa, Eskandar, aliyefanya kazi humo tangu ujanani, alilala uso ukutani. Chakula alikigusa kwa ncha ya kijiko, kama mtu aonjaye chumvi. Daktari alimpa vidonge, akasema pia, "Baba huyu atoke jasho. Mwili ukichangamka, na moyo utachangamka."

Jasho Eskandar alilijua. Enzi zake alikuwa bingwa wa nyumba ya nguvu, pale wanaume wanaposhuka shimoni kuzungusha marungu mazito kwa mdundo wa ngoma. Bingwa akitokea mlangoni, morshed, yule mpiga ngoma anayekaa juu kizimbani, humpigia kengele. Wengine huingia hivihivi.

Effat akambembeleza, akamsukuma, mwishowe Eskandar akaenda. Akarudi amelowa jasho, akala wali mpaka ukoko. Baada ya siku chache akaanza hata kulalamikia chai, na Effat akafurahi, maana mgonjwa akianza kulalamika, anapona.

Kisha akagoma.

"Kuna nini tena, baba?"

"Naingia kama paka. Morshed huyu mpya ananitazama tu, anaendelea na ngoma yake. Vijana wanaulizana, babu huyu kaja kufagia?"

"Kwani wewe unafuata kengele au afya?"

"Hayo huyajui, mwanamke."

Alfajiri Effat akapika chungu cha supu nzito ya tambi na maharage, akakipeleka hadi mlangoni pa nyumba ya nguvu. Ndani wanawake hawaingii, basi morshed akamtokea nje.

"Kengele haipigwi kwa supu, dada."

"Najua, kaka. Inapigwa kwa heshima, na mume wangu alikuwa nayo kabla wewe hujaota ndevu. Mpigie. Asipotoka nyumbani atanifia."

Morshed akainusa supu, akacheka, akakubali.

Kesho yake Effat akamsihi mumewe aende mara moja tu, na kengele ikalia. Effat aliisikia akiwa uchochoroni, akajifuta macho kwa ncha ya shela. Tangu hapo Eskandar akawa anaamka kabla yake, anamwagilia mkomamanga uani, anaimba vibaya kama zamani.

Mpaka asubuhi moja aliporudi mapema, akaingia chumbani na viatu.

"Effat. Ulimpelekea morshed supu?"

Effat akaendelea kukunja nguo.

"Leo kanipigia kengele, halafu mbele ya wote anasema, 'Bingwa, mwambie mama chungu kimekauka.' Wamecheka mpaka wameegemea marungu."

"Mpuuzi yule. Cheka nao, kesho urudi."

"Kesho arudi nani? Bingwa wa tambi?"

"Ulikuwa unakula, Eskandar. Ulikuwa unalala. Mwili haukuuliza kengele kaiomba nani."

"Mwili wangu, na aibu yangu. Ungeniacha nife na jina langu."

"Jina halikai na mtu kunywa chai. Mimi nilimtaka mtu."

Eskandar akampa kisogo. Akavua viatu, akajilaza, uso ukutani.

Effat alimsihi, akamlilia, akamgombeza. Morshed mwenyewe alikuja kuomba radhi, akasimama uani kofia mkononi mpaka chai aliyopewa ikapoa. Eskandar hakutoka. Vidonge alivimeza, navyo vikazidi kumlaza.

Baridi ilipoingia, Effat akalitoa shuka la miraba ambalo mumewe alijifunga akishuka shimoni. Akaketi mbele yake, akalichana vipande vya kufutia masizi ya jiko. Alichana polepole, makusudi, akingoja angalau amkemee.

Eskandar alitazama nguo ikichanika. Kisha akalivuta blanketi, akajifunika kichwa.